Farasi Asiyekubali Kupitwa

Malinda Yutzy hakuwa na ugomvi na magari. Alizaliwa yameshajaa barabarani na alijua atakufa ayaache. Waliomchosha ni watu. Alichoka na wanaopiga honi nyuma ya farasi, utadhani farasi akisikia honi ataomba radhi na kuingia mtaroni. Alichoka na wale wema kupindukia, wanaosimama katikati ya njia panda na kumpungia mkono apite, huku upande wa pili gari jingine linakuja mbio na dereva wake hajampungia mtu. Alichoka na watalii wa vuli wanaokuja Ohio kutazama majani yanavyogeuka rangi, wakaishia kuendesha sambamba naye, dirisha wazi na simu mkononi, wanampiga picha yeye. Majani yapo huko juu mitini, wanampiga picha yeye!

Lakini hao wote aliwamudu kwa kunung'unika tu. Aliyemchosha kuliko wote alikuwa anaketi kando yake kwenye kigari cha farasi, kavaa kofia ya majani, kashika hatamu, tena ni mumewe wa ndoa.

Emanuel Yutzy alikuwa mtu mpole. Hilo Malinda mwenyewe alilikiri mbele ya yeyote. Katika ndoa yao hakuwahi kumpandishia sauti, na watoto wanane aliwalea kwa kuwatazama tu. Alilima, akakamua ng'ombe, akaimba kanisani kwa sauti iliyojikokota kidogo nyuma ya wenzake. Kisha, kama ilivyo desturi yetu sisi wa kanisa lisiloendesha magari, mtoto wa mwisho alipooa na kupata nguvu, wazee wakamwachia shamba na nyumba kubwa, wakahamia nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja. Mwana huyo anaitwa Vernon, na mkewe Rosanna.

Malinda hakuona tofauti kubwa. Aliendelea kukanda unga wa tambi na kuzianika kwenye kamba za jikoni, kushona, kugombana na kuku. Aliyeathirika ni Emanuel. Aliamka alfajiri kama zamani, akavaa, akatoka uwanjani, akakuta Vernon kashamaliza. Akiuliza kama mahindi yamekauka vya kutosha, anajibiwa kwa heshima kwamba yamekauka, baba, tumeshayapima. Akishika uma wa kusombea nyasi, anaambiwa apumzike. Basi akapumzika. Alipumzika mpaka Malinda akamwambia akizidi kupumzika pale jikoni atamfagia pamoja na makombo.

Ndipo akaenda mnadani akarudi na Chester.

Kwetu farasi wengi wa vigari hutoka kwenye mashindano. Waingereza, ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kanisa letu, hata kama babu zao walitoka Poland, huwafuga kwa ajili ya mbio, na farasi akishindwa kuwaletea ushindi humuuza kwa bei ya kutupa. Sisi huwanunua kwa sababu wameshafundishwa kuvuta na wana mwendo mzuri. Jina la Chester la huko mashindanoni lilikuwa refu na la majivuno, haliwezi kutamkwa kwenye uwanja wa Mkristo, hivyo Emanuel akampa hilo jipya siku hiyo hiyo.

Mashindano yao huanzishwa na gari. Lina mikono miwili mirefu iliyotandazwa pande zote, farasi hukimbia nyuma yake wamejipanga, kisha mikono inajikunja na gari linaondoka kwa kasi. Hapo ndipo mbio zinaanza. Farasi aliyefundishwa hivyo tangu utotoni, leo gari likimpita barabarani na kuchapuka mbele yake, anajua kazi yake ni nini. Chester alishindwa mashindano yake yote, lakini hakuna aliyemweleza kwamba yamekwisha.

"Ndivyo alivyofundishwa," Emanuel alisema mara ya kwanza, kigari kilipokuwa kikirukaruka na sahani ya keki ya tufaha imemwagikia sketi ya Malinda. "Atazoea."

"Atazoea lini?"

"Mpe muda, Malinda. Ni mnyama."

Akampa muda. Msimu ukapita, wakavuna mahindi, na Chester hakuzoea. Gari likija nyuma, masikio yake yanalala. Likiwa sawa naye, anaongeza mwendo. Likitaka kurudi mstarini mbele yake, halipati nafasi, kwa sababu yeye naye yuko pale pale, anakanyaga lami kwa furaha. Dereva wa gari hajui hili wala lile. Anadhani farasi ni kitu kinachosimama mahali pamoja wakati yeye anapita.

Yafaa ieleweke wanandoa hawa walikuwa wameketi vipi. Kwetu mwanamume anayeendesha huketi kulia, karibu na ukingo wa barabara, na mkewe kushoto. Huku barabarani kila mtu hufuata upande wa kulia, hivyo magari yanapotupita hupita kushoto. Kwa hiyo kila gari lililoshindana na Chester lilishindana ubavuni mwa Malinda, magurudumu yakiwa usawa wa goti lake, upepo ukimvuta utepe wa kofia yake. Emanuel alikuwa anaona mgongo wa farasi na shamba la soya.

Mwaka ule majirani walikuwa wamepata msiba wa kigari kugongwa kwa nyuma, na afisa mmoja wa polisi akaomba aje azungumze nasi kwenye jengo la shule. Alikuja na ubao. Akasema taa ziwashwe hata mchana wa ukungu, pembetatu ya rangi ya chungwa iliyo nyuma ya kigari isafishwe matope, kigari kikae ukingoni, na gari linapopita, mwendeshaji amshike farasi wake, asiongeze mwendo, amwache mwenzake amalize. Madereva nao, akasema, anawaambia wapunguze mwendo na wasipite mlimani. Emanuel aliketi benchi la mbele. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, hakuna aliyetikisa kichwa kukubali kama yeye. Malinda alikuwa upande wa wanawake, anakitazama hicho kichwa kinavyotikisika, na akatamani kukitupia kiatu.

"Kasema vizuri yule bwana," Emanuel alisema walipokuwa wakirudi.

"Kasema vizuri. Wewe umesikia?"

"Nimesikia yote."

"Basi mweleze na Chester."

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, hewa safi, barabara kavu. Walikuwa wametoka kumtazama dada yake Malinda, wanapanda kilima cha Stutzman, ambacho huwezi kuona kinachokuja upande wa pili mpaka ufike juu. Nyuma yao likatokea lori la maziwa. Dereva wake ni Dwight, Mwingereza tuliyemzoea, amekuwa akichukua maziwa kwenye mashamba yetu tangu akiwa na nywele. Dwight si mtu wa kupita mlimani. Alisubiri nyuma kwa uvumilivu mpaka pale kilima kinapolegea na pana kipande cha kuona mbele, akaona peupe, akatoka kupita.

Chester akalaza masikio.

Lori likaja sawa nao, kubwa, la bati linalong'aa, na Malinda akajiona kwenye bati hilo, ametoa macho. Likaenda mbele kidogo. Halafu halikuenda tena. Chester alikuwa amelishika. Juu ya kilima likachomoza gari dogo jekundu linateremka kuja kwao.

"Mshike!" Malinda akapiga kelele. "Emanuel, mshike!"

"Namshika!"

Malinda akageuka kumtazama. Hapo ndipo alipoona. Emanuel alikuwa ameinama mbele kidogo, ndevu zimepeperuka mabegani, na mikono yake, ile mikono mipole, haikuwa imevuta chochote. Ilikuwa imetangulia mbele. Hatamu zilikuwa zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Na usoni alikuwa anatabasamu.

Dwight akakanyaga breki mpaka maziwa yakagonga ndani ya tangi, akarudi nyuma yao kwa kuyumba. Gari jekundu likapita likipiga honi ndefu iliyoendelea mpaka chini bondeni. Hakuna aliyeumia. Chester akafika juu ya kilima wa kwanza, akapunguza mwendo mwenyewe, akapiga chafya.



Dwight alikuja uwanjani jioni ile ile, kabla jua halijashuka. Hakuvua kofia.

"Emanuel, nakuheshimu, unajua nakuheshimu," alisema. "Lakini leo nusura nimuue mtu. Mimi! Nina watoto, bwana. Nikikupita, wewe punguza. Kitu hicho tu. Punguza!"

"Ni farasi, Dwight. Alikuwa wa mashindano."

"Mwuze!"

"Atazoea."

"Mimi ndiye nimezoea! Nimezoea kukaa nyuma yenu mpaka maziwa yanataka kuwa jibini. Nimekupita mara moja mwaka huu, mara moja, ukanifanyia hivi." Akamgeukia Malinda. "Mama Malinda, samahani kwa kelele."

"Endelea tu," Malinda akasema. "Unaongea vizuri."

Rosanna alikuwa kwenye kamba ya nguo, anaanua mashuka, na alisikia kila neno. Ni mwanamke asiyeongea sana. Alimaliza kukunja, akaweka kapu chini, akaja mpaka mlango wa nyumba ndogo wakati Dwight ameondoka na Emanuel amekwenda zizini. Wasichana wake wawili, Lena na Fannie, walikuwa wakipanda kigari cha babu yao kila walipopata nafasi. Emanuel alikuwa akiwapeleka dukani, kwa fundi viatu, popote. Kwa kweli ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo katika shamba lile ambayo hakuna aliyemwambia apumzike.

"Mama," Rosanna akasema, "nikuulize wewe, maana wewe hujui kupamba maneno. Watoto wakipanda na baba, wako salama?"

Malinda alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akisema ndiyo, atakuwa amewaweka watoto mikononi mwa yule mzee na tabasamu lake. Akisema hapana, Emanuel amekwisha. Ataketi pale dirishani mpaka siku ya kuchukuliwa kwenda makaburini.

"Nipe mpaka Jumapili," akasema.

"Jumapili kuna nini?"

"Kanisa. Wewe nipe."

Emanuel aliporudi kunywa supu alikuta bakuli lake mezani na mkewe amesimama, mikono kiunoni.

"Nimeiona mikono yako."

"Mikono gani?"

"Unayo mingapi? Ulikuwa umemwachia, Emanuel. Ulikuwa unamwachia na unacheka!"

"Mimi? Sikucheka."

"Meno yako yote niliyaona, hata yale ya nyuma."

Emanuel akakoroga supu. Akasema farasi ana kinywa kigumu, na lijamu lile, chuma cha mdomoni, halimfai, na ukimvuta sana mlimani anaweza kuteleza. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na hilo ndilo lililomuudhi Malinda zaidi. Mtu mwongo kabisa ungejua pa kumshikia.

"Mara ngapi umenisikia nikilia kwa hofu pale kushoto?" akauliza.

"Malinda, wewe unaogopa hata bata."

Malinda akaenda kulala amevimba.

Jumapili hiyo ibada, ambayo kwetu huzunguka nyumba hadi nyumba, ilikuwa kwa Abner, kaka yake Emanuel, mbele ya kilima cha Stutzman. Emanuel akamfunga Chester kwenye kigari, akafuta taa, akafuta pembetatu kwa kitambaa kama afisa alivyosema, akaingia ndani kuchukua kofia yake nyeusi. Alipotoka, mkewe alikuwa ameshapanda. Alikuwa ameketi kulia, hatamu mkononi.

Emanuel akasimama kwenye changarawe. Vernon na Rosanna walikuwa wanaingiza watoto kwenye kigari chao upande wa pili wa uwanja, na wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Sogea basi," akasema kwa sauti ya chini.

"Panda upande wa pili."

"Malinda. Watu watasemaje?"

"Watasema Malinda anaendesha. Panda, tutachelewa wimbo wa kwanza."

Mwanamke kwetu anaendesha akiwa peke yake, au na watoto, au mumewe akiwa mgonjwa. Mume mzima na mkewe ndiye ameshika hatamu, tena kwenda kanisani, hilo sijawahi kuliona kabla ya siku ile. Emanuel alizunguka nyuma ya kigari polepole, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, akapanda kushoto.

Njiani gari moja likawapita, la watu wa kanisa jingine waliokuwa wakiwahi ibada yao. Chester akalaza masikio. Malinda akavuta, si kwa nguvu za ajabu, akavuta tu kama mtu anayemzuia mtoto asiingie matopeni. Chester akatikisa kichwa, akanung'unika, akapunguza. Gari likaenda zake.

"Kinywa kigumu, eh?" Malinda akasema.

Emanuel alikuwa anatazama shamba la watu.

Kwa Abner wanaume walikuwa wamejipanga kando ya ghala kama kawaida, wanasalimiana kwa kushikana mikono, na mazungumzo yao yakakatika kigari kilipoingia. Vijana waliokuja kuwapokea farasi hawakujua waende upande gani.

"Emanuel!" Abner akaita. "Umeugua?"

"Hapana."

"Mgongo?"

"Mgongo mzima."

"Au sasa unalipia nauli?"

Wakacheka, lakini kwa adabu, kwa kuwa ni Jumapili. Emanuel akashuka upande wa wanawake, masikio yamemwiva, akaenda kujipanga na wenzake. Malinda alipita mbele yao na sahani zake akiwa amenyoosha shingo. Ndani ya moyo alisikia haya mpaka miguuni. Hakuwa ametaka wamcheke mumewe. Alitaka asikie, na hakuona tena njia nyingine ya kumfanya asikie.

Baada ya mkate na siagi ya karanga na kachumbari, watu walipoanza kufunga farasi, Lena na Fannie wakaja mbio kwenye kigari cha babu yao. Rosanna akaja nyuma yao, mtoto mchanga begani.

"Nani anaendesha?" akauliza.

"Mimi," Malinda akasema.

Rosanna hakuuliza lingine. Akampandisha Lena kiti cha nyuma, na Fannie, ambaye alikuwa anasinzia, akamweka mapajani mwa babu yake. Emanuel akampokea, akamfunika na koti. Alikuwa ameelewa, bila mtu kumweleza, kwamba haaminiwi tena na watoto akiwa ameshika hatamu.

Wakateremka kilima cha Stutzman, wakafika bondeni ambako barabara ni nyoofu na Chester hupenda zaidi. Malinda alikuwa mwepesi moyoni. Alikuwa ameshinda. Alikuwa akipanga atakavyomwambia kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa kuanzia leo, mvua ije, theluji ije, na tayari ameanza kukasirika kwamba sasa ndiye atakayelowa mikono barabarani mpaka afe, wakati mwenzake ameketi kavu na mtoto mapajani.

Nyuma yao likaja gari refu linalovuta nyumba ya matairi, la watu waliotoka kutazama majani.

Masikio yakalala. Malinda akazihisi hatamu zikikaza vidoleni, kitu kikapanda kupitia ngozi ile mpaka viwikoni, mpaka kifuani, kitu kilichokuwa hai na chenye nguvu, kinamwomba yeye ruhusa, yeye Malinda, ambaye katika maisha yake hakuna kilichowahi kumwomba ruhusa ya kukimbia. Barabara ilikuwa tupu mbele. Kwato zikabadilika sauti. Alijua avute. Mikono yake ilikuwa inajua. Akaiacha pale ilipo, kidogo tu, aone.

Chester akafunguka.

Gari lilikuwa limeshawapita, bado ile nyumba inayovutwa, na dereva, akidhani amemaliza, akaanza kurudi mstarini. Ukuta mweupe wa bati ukaanza kuja upande wa kushoto, magurudumu yake yanazunguka usawa wa goti la Emanuel, usawa wa miguu ya Fannie iliyokuwa inaning'inia nje ya koti.

"Vuta!" Emanuel akapiga ukelele ambao mkewe hakuwahi kuusikia tangu aolewe. Alikuwa amejikunja wote juu ya mtoto. "Malinda, vuta! Vuta!"

Akavuta kwa mikono miwili na mgongo. Chester akapandisha kichwa, kigari kikayumba kwenda kwenye majani, na bati jeupe likapita mbele ya pua ya farasi likaenda zake, wala dereva hakujua. Lena alikuwa analia huko nyuma. Fannie hata hakuamka.

Walisimama pale ukingoni. Chester alikuwa anahema, amefurahi. Emanuel alikuwa bado amemkumbatia mtoto, kofia imeanguka, uso mweupe kama unga wa tambi, na anatazama lami iliyokuwa pale chini ya goti lake.

"Ndivyo inavyokuwa?" akauliza mwishowe. "Ukikaa upande huu?"

Malinda alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku farasi huyu alipoletwa, refu, limepangwa vizuri, na leo ilikuwa zamu yake kulitoa. Akafungua kinywa.

"Ndiyo," akasema, akaishia hapo, kwa kuwa mikono yake, ile iliyochelewa kuvuta, ilikuwa bado kwenye hatamu na hakutaka mumewe aigeukie.